Kaa

Kibao cha KIMYA nilikigeuza uso ukutani
mwezi wa pili, bila kumwomba mtu ruhusa.
Mhasibu akapita, akasimama:
Bi. Tunu, hii maktaba au soko la Mgandini?
Nikamwambia, ngoja Jumamosi.

Vitabu vyenyewe vilikuja katika boksi la sabuni,
thelathini na kimoja, vyembamba kama chapati za hotelini,
picha zimejaa hadi kwenye kona,
maneno machache yamejibana chini ya ukurasa
kama wageni waliochelewa shughuli.
Watu wazima walivipita.
Kidato cha nne walivisukuma wapate pa kuweka viwiko.
Nikavitandaza sakafuni, kwenye jamvi,
mahali ambapo mtoto hahitaji kumwomba mtu mrefu.

Jumamosi ya kwanza walikuja wawili,
na mmoja alikuwa amefuata choo.
Ya tano, jamvi sikuliona tena.

Ndipo akaja Semkiwa, fundi baiskeli
wa Barabara ya Kumi na Nne.
Amemleta Mwanamvua, yeye akabaki mlangoni
kama anayesubiri jina lake liitwe dirishani.
Mikono ameificha nyuma. Grisi.
"Baba, njoo unisomee."
Mtoto akikuita mbele za watu, utakimbilia wapi?

Akachuchumaa. Akafungua kile cha kaa
anayevuka barabara na mwavuli mwekundu.
Akasoma. Nami nyuma ya kabati la kadi
nikamsikia akisoma:
kaa anaumwa jino, anakwenda Bombo kwa daktari,
njiani kapata pancha, fundi anamtoza elfu moja,
kaa analia, punguza bwana,
mwenzio nina miguu kumi ya kuvalisha viatu.
Jamvi zima likasogea.
Kuna mvulana wa Makorora alicheka hadi kamasi.

Kitabu kile nakijua. Nimekitia gundi mara mbili.
Hamna jino. Hamna pancha. Hamna Bombo.
Kuna kaa, kuna mvua, kuna nyumba ya bibi yake, basi.
Nikaufunga mdomo wangu.
Na kila Jumamosi jino lilizidi kuuma.

Ikapita masika, ukapita mwaka.
Mwanamvua akaingia darasa la pili,
na kidole chake kikaanza kushuka
kutoka kwenye mwavuli, taratibu, hadi chini,
kule kwa wageni waliochelewa.
"Ka-a a-na-kwe-nda kwa bi-bi."
Akarudia. Kwa bibi.
Akamtazama baba yake.
Semkiwa akatazama kucha zake.
Muhuri wa tarehe ulikuwa mkononi mwangu,
nikausahau hewani.

Mtoto akayafunika maneno kwa kiganja.
"Endelea wewe, baba," akasema.
"Hawa waliandika vibaya."

Jumatatu, saa mbili kasoro, sijafungua hata dirisha,
nikakuta baiskeli imeegemea ukuta.
Mikono imesuguliwa kwa mchanga na sabuni ya unga,
imekuwa myekundu, haina pa kujificha.
"Bi. Tunu, kile kitabu kipo?"
Kipo.
Akakifungua juu ya kaunta. Mwavuli hakuutazama.
Akaweka kidole kwenye neno la kwanza,
herufi tatu, mbili pacha,
akakisogeza polepole, ameinamisha sikio,
vile anavyotafuta tundu la mpira
ndani ya beseni la maji.
"Hapa panasemaje?"

"Kaa," nikamwambia.

Akavuta kiti, akakaa.